Gobore katika Unyamwezi

Gobore (pia huandikwa gobori, wingi: magobore) ni bunduki ya kushindilia, yaani bunduki ambayo baruti na risasi huingizwa kupitia mdomo wa mtutu na kusukumwa hadi chini kwa fimbo. Haina magazini wala ganda la risasi. Kila mlio hutengenezwa upya na mpigaji mwenyewe, kuanzia kupima baruti hadi kuweka kiwashio.

Katika nchi ya Unyamwezi, ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika Mkoa wa Tabora, magobore yalienea katika karne ya 19 kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na miji mingine ya pwani, ikapita Tabora na kuendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Yalitumika kuwinda tembo, kulinda misafara, kupigana vita na kufukuza wanyama waharibifu wa mashamba.

Masimulizi ya historia ya wakati huo mara nyingi huhesabu bunduki: mtemi huyu alikuwa nazo ngapi, mfanyabiashara yule ngapi. Hesabu hiyo peke yake inapotosha. Bunduki iliyokwisha baruti ni rungu ghali tu, na baruti nzuri ilitoka pwani, mwendo wa miezi miwili au mitatu kwa miguu. Bunduki moja iliweza kudumu miaka arobaini. Baruti iliisha kila siku ya mapigano, na kila siku ya sherehe pia. Ndiyo sababu historia ya gobore katika Unyamwezi ni zaidi historia ya kile kilichoingizwa ndani yake.

Jina na maneno ya fani

Neno bunduki lilitoka Kiarabu, ambako bunduq ni tunda la jamii ya karanga za miti. Baadaye lilitumika kwa vidonge vya kurusha, na mwishowe kwa chombo kinachovirusha. Risasi kwa asili ni jina la madini ya risasi, na kwa kuwa tufe la bunduki lilitengenezwa kwa madini hayo, jina la kitu likawa jina la kazi yake. Mpaka leo Kiswahili hakitofautishi mambo hayo mawili.

Kabla ya fataki, bunduki zilikuwa za aina mbili. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi uliokuwa ukiwaka polepole. Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa cheche za jiwe gumu lililogonga chuma. Fataki ni kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa, nacho kilianza kuenea katika majeshi ya Ulaya miaka ya 1830 na 1840. Fimbo ya kushindilia huitwa mdeki, mtutu huitwa pia kasiba, na chembe ndogo za risasi za kupigia ndege huitwa marisau. Neno korofindo hupatikana katika kamusi za zamani kwa bunduki kubwa ya kushindilia.

Neno moja linastahili kuangaliwa zaidi. Katika Kiswahili cha zamani, kiasi cha bunduki kilimaanisha fungu la baruti lililopimwa tayari kwa mlio mmoja. Kwa watu waliotumia gobore, kupima na risasi vilikuwa kitu kimoja hata katika lugha.

Muundo na namna ya kushindilia

Gobore lina sehemu tatu kuu: mtutu wa chuma uliozibwa upande wa nyuma, kitako cha mti, na mtambo wa kuwashia. Karibu na sehemu iliyozibwa kuna tundu dogo la kupitisha moto.

Mpigaji humimina kwanza baruti aliyoipima kwa kipimo cha pembe, mwanzi au kibuyu kidogo. Kisha huweka kizibo cha kitambaa au nyuzi za magome ya mti, na kukikandamiza kwa mdeki. Hufuata risasi, au marisau, na kizibo kingine cha kuizuia isitoke bunduki inapoinamishwa. Baada ya hapo tu ndipo huweka kiwashio: baruti kidogo ya unga mwembamba kwenye kisahani, ikiwa bunduki ni ya gumegume, au fataki juu ya chuchu ya chuma. Askari wa Ulaya aliyefundishwa vizuri aliweza kufyatua mara mbili au tatu kwa dakika. Mtu asiyekuwa na mafunzo hayo, aliyejificha nyuma ya mti huku akimwaga baruti kutoka kwenye kibuyu, alichukua muda mrefu zaidi.

Baruti ya wakati ule ilikuwa baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Ina tabia mbili zilizowasumbua watumiaji wote. Ya kwanza ni kwamba hunyonya unyevu. Mvua za Tabora huanza kwa kawaida Novemba na kuendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo baruti iliyohifadhiwa vibaya huganda na kuwaka kivivu, au kukataa kabisa. Ya pili ni kwamba huacha masizi mengi. Baada ya milio michache mtutu huwa mwembamba kwa ndani, na risasi iliyoingia kwa urahisi asubuhi hukwama mchana.

Kukwama huko ndiko kulikoleta ajali nyingi. Ikiwa risasi haikufika chini hadi kwenye baruti, nafasi ya hewa hubaki kati yake, na mgandamizo wa mlipuko huweza kupasua mtutu. Vivyo hivyo mtu aliyesahau kwamba amekwisha shindilia, akashindilia mara ya pili. Wawindaji wa tembo walikuwa katika hatari zaidi, kwa kuwa walizidisha baruti makusudi ili tufe lipenye ngozi na mfupa. Mtutu uliotengenezwa kwa bei rahisi kwa ajili ya soko la Afrika haukuwa na ustahimilivu wa mambo kama hayo.

Usahihi wa shabaha

Gobore la kawaida halina mifereji ndani ya mtutu. Katika bunduki yenye mifereji iliyojipinda, risasi hutoka ikizunguka kwa kasi, na mzunguko huo huiweka katika mstari wake kama pia inayozungushwa chini. Tufe la gobore hutoka bila mzunguko maalumu.

Kuna tatizo jingine linaloeleweka kwa hesabu ndogo. Bunduki ya jeshi la Uingereza iliyojulikana kama Tower, kwa sababu ya alama ya Mnara wa London iliyopigwa kwenye mtambo wake, ilikuwa na tundu la milimita 19, lakini tufe lake lilikuwa la milimita 17.5 hivi. Tofauti hiyo iliachwa kwa makusudi ili tufe liendelee kuingia hata mtutu ukijaa masizi. Ukilinganisha maeneo ya miduara hiyo miwili, karibu asilimia 15 ya mdomo wa mtutu hubaki wazi. Gesi hupita pembeni, na tufe hugonga huku na huku likienda. Upande wa mgongo wa mwisho ndio huamua mwelekeo wake. Kwa umbali wa mita 50 mtu angeweza kumpiga mtu mwenzake. Kwa mita 100 ilikuwa bahati, na kwa mita 200 ilikuwa kelele tu.

Katika Unyamwezi hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu risasi yenyewe ilikuwa bidhaa ya kuletwa. Ilipokosekana, watu walitumia vipande vya chuma, waya wa shaba uliokatwa, hata mawe. Wanyamwezi na majirani zao Wasumbwa walikuwa wahunzi wazuri, na majembe yao yalisafiri mbali kama fedha. Kufua tufe la chuma halikuwa jambo la kuwashinda. Lakini chuma si risasi. Tufe la risasi la milimita 17.5 lina uzito wa gramu 32 hivi, na la chuma la ukubwa huohuo lina gramu 22 tu. La chuma hupunguza kasi mapema zaidi hewani, na kwa ugumu wake hukwaruza mtutu.

Jambo la mwisho ni kipimo. Baruti ikizidi kidogo risasi hupiga juu, ikipungua hupiga chini. Mwindaji mwenye kipimo kimoja cha pembe, anayekijaza vilevile kila mara, anayetumia matufe yaliyomiminwa katika kalibu moja na vizibo vya unene mmoja, huweza kuijua bunduki yake na kumpiga mnyama pale alipokusudia. Anayemimina kwa kukadiria na mkono huwa na bunduki mpya kila anapofyatua.

Kanuni hiyo haijabadilika. Huko Marekani na Ulaya wapo wapiga shabaha na wawindaji wa wanyama wadogo waharibifu ambao hujaza upya maganda ya risasi nyumbani, kwa bunduki zenye tundu dogo la milimita 5.6 hivi. Risasi ya .222 Remington, iliyotolewa mwaka 1950, ni mojawapo ya zile zilizopata sifa katika fani hiyo. Hupima baruti kwa mizani, huchambua risasi kwa uzito, na hukata maganda yawe na urefu mmoja. Vifaa vyao ni vya gharama, lakini wanachotafuta ni kilekile alichokitafuta mwindaji wa Unyamwezi kwa kipimo chake cha pembe: mlio wa pili ufanane na wa kwanza.

Baruti kutoka pwani

Mnamo miaka ya 1830 Zanzibar ilikuwa soko kuu la bunduki katika Afrika ya Mashariki. Wafanyabiashara wa Salem nchini Marekani walileta kitambaa cha merikani, bunduki na baruti, wakachukua pembe za tembo na sandarusi. Sayyid Said alielewa uzito wa bidhaa hiyo. Mkataba wake na Marekani wa mwaka 1833 uliwapa Wamarekani uhuru wa kuuza bidhaa zao, lakini uliweka sharti kwamba bunduki, baruti na risasi zikiuzwa katika kisiwa cha Zanzibar ziuzwe kwa serikali yake peke yake.

Kila mara majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha, zile za zamani zilitafutiwa wanunuzi. Fataki ilipoingia, bunduki za gumegume zikaja Afrika. Bunduki za kupakia nyuma zilipoingia, kama Snider ya Uingereza mwaka 1866, zile za fataki zikafuata. Liège, Birmingham na Hamburg zilipeleka pia bunduki mpya za hali ya chini zilizoundwa kwa ajili ya biashara hiyo tu. Mwaka 1888 Kanali Charles Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila aina zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kutoka pwani.

Kutoka pwani mzigo ulibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi wenyewe. Mzigo wa kawaida ulikuwa kilo 30 hivi. Baruti ilisafiri katika mapipa madogo, na wakuu wa misafara walipaswa kuyaweka mbali na moto wa kupikia kila kambi. Mzigo huo uliliwa njiani, kwani baruti ilitolewa kama hongo kwa machifu au ilibadilishwa kwa chakula. Nyingine ilipotea hewani kwa furaha. Msafara ukikaribia mji ulitangaza kuwasili kwake kwa milio ya bunduki. Henry Morton Stanley alifanya hivyo alipoingia Ujiji mwaka 1871. Kwa mtu wa leo huo unaonekana kuwa upotevu, lakini mlio ulikuwa tangazo la utajiri. Asiyekuwa na baruti ya kutosha hakuweza kuichezea.

Wanunuzi wa kwanza wa bara walikuwa wawindaji wa tembo. Unyamwezi ulikuwa na chama cha wawindaji hao, bayege, chenye dawa na miiko yake, ambacho kabla ya bunduki kiliwinda kwa mikuki na sumu. Bunduki haikuondoa chama hicho. Dawa za zamani zilipakwa kwenye silaha mpya. Pembe ilinunua baruti, na baruti ikaleta pembe, mpaka tembo walipopungua karibu na Tabora na wawindaji wakalazimika kwenda mbali zaidi.

Baruti na utawala

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, mahali palipo karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857. Waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wakiishi kwa amani na Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Fundikira alifariki mwaka 1858. Mrithi wake, Mnywa Sere, alitaka kutoza ushuru bidhaa za Waarabu. Nao wakamwondoa na kumsimika Mkasiwa, aliyeitwa pia Kiyungi, ambaye hakuwatoza. Mnywa Sere alipigana porini kwa miaka kadhaa, akizuia njia na kunyang'anya misafara, mpaka alipouawa mwaka 1865. Mzozo huo hueleweka vizuri zaidi tukikumbuka ushuru ulikuwa wa nini. Mtemi aliyetoza bidhaa zinazoingia alikuwa na neno juu ya baruti. Mtemi asiyetoza alisubiri kupewa.

Aliyelielewa jambo hili kuliko wote alikuwa Mirambo. Alizaliwa mnamo mwaka 1840, akarithi utemi mdogo wa Uyowa, na kutoka hapo akajenga dola lenye makao Urambo, magharibi ya Tabora. Askari wake, rugaruga, walikuwa vijana wasio na familia za kuwafunga, wenye mchanganyiko wa magobore, mikuki na pinde. Uchaguzi wa mahali nao ulikuwa na maana: Urambo ulikuwa karibu na njia ya kwenda Ujiji na ile ya kwenda kaskazini.

Mwaka 1871 Mirambo alifunga njia ya Ujiji, na Waarabu wa Tabora wakaenda kumpiga. Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alijiunga nao na bunduki zake. Mwezi wa Agosti kikosi cha Waarabu kiliiteka Wilyankuru na kuanza kurudi kikiwa kimelemewa na pembe na mateka. Watu wa Mirambo waliwavizia katika majani marefu kandokando ya njia, na kiongozi wa kikosi, kijana Soud bin Sayd, aliuawa pamoja na wenzake wengi. Wiki chache baadaye Mirambo aliishambulia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa mji, aliuawa alipotoka kumkabili.

Walimu wengi hulieleza tukio la Wilyankuru kama ujanja wa kivita, na ndivyo lilivyo. Lakini lina upande wa ufundi pia. Gobore lina mlio mmoja. Mtu aliyebeba pembe mabegani, akashtukizwa kwa umbali wa hatua kumi, hata akifyatua hana nafasi ya kushindilia tena kabla ya mkuki kumfikia. Mirambo alikuwa na bunduki chache kuliko Waarabu na njia finyu ya kupata baruti. Mapigano ya karibu yaliufanya upungufu huo usiwe na uzito. Si kweli, basi, kwamba bunduki peke yake ndiyo iliyojenga madola ya Unyamwezi. Waarabu walikuwa nazo nyingi, na walishindwa.

Baada ya vita hivyo Mirambo alitafuta marafiki ambao wangempatia bidhaa bila kupitia mikono ya Tabora. Alifanya biashara na Mswisi Philippe Broyon, akafanya urafiki na Stanley walipokutana mwaka 1876, na akawakaribisha wamisionari wa London Missionary Society Urambo. Daktari wao, Ebenezer Southon, aliishi naye tangu 1879 hadi 1882, alipofariki kutokana na jeraha la bunduki iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Hatari ya silaha hizo haikubagua mgeni na mwenyeji. Mirambo alifariki Desemba 1884, na dola lake halikudumu baada yake.

Katika Unyanyembe, Mkasiwa alirithiwa mwaka 1876 na mwanawe Isike. Huyu hakuwa mtu wa kusubiri kupewa. Alijenga ngome imara Kwikuru, karibu na Tabora, akaweka ndani yake ghala la silaha na baruti. Wajerumani walipofika mwaka 1890 walipata makubaliano naye, lakini ugomvi ulianza upesi, na mashambulizi ya mwaka 1892 dhidi ya ngome yake yalishindwa. Mwezi wa Januari 1893 Luteni Tom von Prince aliishambulia tena na kuvunja kuta zake. Isike alipoona ngome imeingiwa aliingia katika ghala lake la baruti na kulilipua pamoja na watu wa familia yake. Wajerumani walimkuta hajakata roho, wakamnyonga. Baruti aliyoikusanya kwa miaka mingi, na iliyowazuia Wajerumani mara kadhaa, ndiyo aliyoichagua asishikwe hai.

Mkataba wa Brussels

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya na mengine, ikiwemo Zanzibar, yalitia saini Mkataba wa Brussels dhidi ya biashara ya watumwa. Sehemu yake moja ilihusu silaha. Kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, uingizaji wa bunduki za kisasa zenye mifereji na risasi zake ulikatazwa isipokuwa kwa vibali maalumu. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa chini ya usimamizi wa serikali, zikihifadhiwa katika maghala ya umma.

Watu wengi hudhani gobore lilibaki vijijini kwa sababu wanakijiji hawakujua bunduki bora. Ukweli ni kwamba walizijua vizuri, walikatazwa. Sheria za kikoloni, za Wajerumani na baadaye za Waingereza, zilimwachia Mwafrika silaha ya karne iliyopita, nazo zikamdhibiti kwa kumpimia baruti.

Ganda la shaba

Bunduki ya kupakia nyuma ilibadilisha mahali ambapo mlio hutengenezwa. Ganda la shaba hubeba kiwashio, baruti na risasi pamoja, vimeshapimwa kiwandani. Mvua haina nguvu juu yake, na mtu hupakia akiwa amelala chini. Gharama yake ni utegemezi: mhunzi wa Unyamwezi aliweza kumimina tufe, lakini hakuwa na mashine ya kuvuta ganda la shaba. Ndiyo maana bunduki za Snider zilizofika bara zilikuwa na thamani mradi tu maganda yake yalikuwepo, na kwa mtu wa kijijini gobore lilibaki silaha ya kutegemewa zaidi.

Askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani walibeba kwa muda mrefu Mauser ya mwaka 1871 yenye tundu la milimita 11. Ilitumia ganda, lakini bado kwa baruti nyeusi, na wengi walikuwa nayo hata vita vya mwaka 1914 vilipoanza. Moshi wake mzito ulimfichua mpigaji kama gobore. Mwaka 1916, Wajerumani walipokatiwa njia za bahari, karakana ya Tabora ilipiga sarafu za heller 5 na 20 zenye herufi T. Shaba ilitoka popote ilipopatikana, yakiwemo maganda yaliyotumika. Wabelgiji wa Kongo waliingia Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huohuo.

Kulinda mashamba

Baada ya vita na tembo kuondoka, kazi kubwa ya gobore ikawa shambani. Misitu ya miombo inayozunguka vijiji vya Tabora, Urambo, Sikonge na Uyui ina nguruwe pori, ngiri, nyani, tumbili na nungunungu. Nguruwe pori huja usiku kwa makundi na huweza kumaliza shamba la mihogo au karanga la familia moja kwa siku chache. Nyani huja mchana, naye hutambua haraka kama mlinzi ana silaha au hana.

Mlinzi hukaa juu ya dungu. Kwa nguruwe, tufe moja ni afadhali kuliko marisau, maana marisau humjeruhi tu, akaenda kufia mbali au akarudi akiwa mkali. Kwa nyani, mara nyingi mlio peke yake hutosha siku za kwanza, kisha wanazoea. Hapo kasoro ya gobore huonekana wazi: mlio mmoja, moshi unaoziba macho, na dakika nzima ya kushindilia gizani. Ngoma, moto, mbwa na nyavu viliendelea kutumika sambamba nalo, na kwa kweli mkulima mwenye watoto wengi wa kulinda zamu alivuna vizuri kuliko mwenye gobore.

Magobore ya baadaye hayakutoka Ulaya. Wahunzi waliotengeneza mitambo iliyoharibika walijifunza kuunda bunduki nzima, wakitumia mabomba ya chuma yasiyoundwa kustahimili mlipuko. Mtutu wa namna hiyo hauna alama ya kupimwa, na mwenye nao hajui utapasuka lini.

Hali ya kisheria

Nchini Tanzania gobore ni silaha kama silaha nyingine. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya awali, inataka kila mwenye bunduki awe na leseni, na kutengeneza silaha au risasi bila idhini ni kosa la jinai. Kuwinda kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mkulima anayevamiwa na wanyama hupaswa kutoa taarifa kwa serikali ya kijiji au ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Jeshi la Polisi hutangaza mara kwa mara vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na magobore ya kienyeji ni miongoni mwa silaha zinazorudishwa.

Anayekuta gobore la babu limetundikwa katika nyumba ya zamani asilifyatue wala kulichokonoa, maana baruti iliyoshindiliwa miaka mingi iliyopita huweza bado kuwaka. Ishara ya zamani ya kulijua lililojaa ni kuingiza mdeki: ukisimama kabla ya kufika chini, kuna kitu ndani. Kazi hiyo, hata hivyo, ni ya polisi na si ya mrithi.